MacBook Pro ya 2016: Wembamba na Gharama Yake kwa Mtu wa Kazi

Kompyuta mpakato yoyote huzaliwa kutokana na mapatano kati ya mambo yasiyopenda kukaa pamoja: wepesi na uimara, betri ya kudumu na umbo jembamba, prosesa yenye nguvu na mwili usiopata joto kupita kiasi, sura ya kupendeza dukani na urahisi wa kufunguliwa na fundi miaka mitatu baadaye. Katika kompyuta ya kuandikia barua na kusomea habari, mapatano hayo yanaweza kuelemea upande mmoja bila mtu kuumia sana. Lakini katika kompyuta ya kitaalamu, yaani ile ambayo mpiga picha, mhariri wa video, mhandisi au mtengeneza programu huinunua ili imletee riziki, kila kinachoondolewa kina mtu atakayekihitaji akiwa kazini. Kwa sababu hiyo usanifu mpya wa mashine ya namna hii haupimwi vizuri kwa kupanga mazuri upande huu na mabaya upande ule, bali kwa kuuliza ni nani anayelipia kila badiliko, analilipia lini, na kama anayo njia ya kuliepuka. MacBook Pro ambayo kampuni ya Apple iliizindua tarehe 27 Oktoba 2016 inafaa sana kwa uchambuzi wa aina hiyo, kwa kuwa historia yake imekamilika: maamuzi yake yalifanywa kwa ujasiri, yakatetewa kwa miaka mitatu, kisha mengi yakabatilishwa na kampuni ileile iliyoyafanya.

Mashine hiyo ilitoka kwa saizi mbili, na katika zote mbili lengo la wasanifu lilikuwa kupunguza. Ile ya inchi 15 ilishuka kutoka unene wa milimita 18 hadi 15.5, na kutoka uzito wa kilo 2.04 hadi 1.83; ile ya inchi 13 ilishuka kutoka milimita 18 hadi 14.9, na kutoka kilo 1.58 hadi 1.37. Kioo chake kilifikia mng'ao wa niti 500, niti ikiwa ni kipimo cha mwanga unaotolewa na eneo fulani la kioo, na kikaweza kuonyesha wigo mpana zaidi wa rangi, jambo ambalo mpiga picha na mhariri wa video hulithamini kuliko wembamba wowote. Eneo la kugusa kwa vidole liliongezwa, na hifadhi ya ndani ikawa na kasi kubwa mno ya kusoma na kuandika data. Bei nayo ilipanda, kwani ile ya inchi 15 ilianzia dola 2,399 ilhali iliyoitangulia ilianzia dola 1,999. Faida hizo zilikuwa za kweli, na mtu anayebeba kompyuta yake mgongoni kila siku pamoja na kamera, lenzi na chaja anaijua vyema tofauti ya gramu mia mbili. Apple ilisema katika siku za mwanzo kwamba maagizo kupitia duka lake la mtandaoni yalizidi yale ya kompyuta yake yoyote ya kitaalamu iliyotangulia, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wanunuzi hao wote walivutwa na sura tu.

Malalamiko ya kwanza, na yaliyosikika kwa sauti kubwa kuliko yote, yalihusu matundu ya kuchomekea vifaa. Tundu la USB la umbo la zamani liliondolewa, na pamoja nalo likaondoka tundu la HDMI linalopeleka picha kwenye televisheni na projekta, tundu la kadi za SD zinazotumiwa na kamera nyingi, na MagSafe, ile chaja ya sumaku iliyokuwapo tangu 2006 na iliyokuwa ikijichomoa yenyewe pindi mtu anapojikwaa kwenye waya. Mahali pa vyote hivyo pakawekwa matundu ya Thunderbolt 3 yenye umbo la USB-C, manne katika mashine nyingi na mawili tu katika ile ya inchi 13 ya bei ya chini, na tundu moja la vipokea sauti. Thunderbolt 3 ni njia ya mawasiliano inayobeba umeme, picha na data katika waya mmoja kwa kasi ya hadi gigabiti 40 kwa sekunde, na uwezo wake haukuwa wa mzaha: mwenye matundu manne aliweza kuchaji mashine kutoka upande wowote, kuunganisha skrini mbili za hali ya 5K kwenye ile ya inchi 15, au kufika ofisini na kuchomeka waya mmoja uliobeba kila kitu kilichokuwa mezani. Hata hivyo, dunia ya Oktoba 2016 ilikuwa bado haijajiandaa, na Apple yenyewe haikuwa imejiandaa, kwani iPhone 7 iliyotoka mwezi uliotangulia ilikuja na waya usioweza kuchomekwa kwenye kompyuta hiyo mpya bila adapta. Mwezi uliofuata kampuni ilipunguza bei za adapta zake kwa muda.

Malalamiko hayo yalikuwa na haki, ila yalichanganya mambo matatu yasiyofanana. Tundu la zamani la USB lilikuwa linaelekea kubadilishwa na lile la USB-C kwa vyovyote vile, na aliyenunua mashine hiyo alilipa gharama ya kutangulia, gharama iliyopungua mwaka hadi mwaka kadiri simu, diski na skrini zilivyohamia kwenye umbo jipya. Kwa HDMI na kadi ya SD mambo yalikuwa tofauti, kwa maana kamera ziliendelea kutengenezwa zikiwa na kadi hiyo na kumbi za mikutano ziliendelea kufungiwa projekta za HDMI, hivyo adapta iliyonunuliwa kama kivuko cha muda ikageuka kuwa mzigo wa kudumu. Mkuu wa masoko wa Apple wa wakati huo, Phil Schiller, alieleza kwamba kadi ya SD ilikuwa ikichomoza ubavuni mwa mashine kwa namna isiyopendeza, kwamba visomeo vya nje vilikuwapo, na kwamba kamera zilikuwa zikianza kutuma picha bila waya. Hoja hiyo ya mwisho haikumfaa mtu aliyerudi kutoka harusini akiwa na picha elfu mbili za ubora kamili. Nayo MagSafe ilikuwa jambo la tatu, kwani adapta hurudisha tundu lililokosekana, lakini waya wa USB-C uliobanwa kwenye tundu lake unaweza kuivuta mashine nzima hadi sakafuni.

Pamoja na hayo yote, matundu yalikuwa hasara yenye dawa. Dawa yenyewe ilikuwa ya kuudhi na iligharimu fedha, ila ilipatikana dukani, mtu aliweza kuibadilisha ikiharibika, na haikuhitaji ruhusa ya mtengenezaji. Uchambuzi mwingi wa miezi ile uliishia hapo, ukapita haraka juu ya hasara ambazo mnunuzi hangeweza kuzitibu kwa njia yoyote, na kosa hilo la kupima kwa kile kinachoonekana kwenye picha za uzinduzi ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi.

Mfano wa kwanza ni RAM, kumbukumbu ambayo prosesa huitumia kushikilia kazi inayoendelea kabla ya kuihifadhi. Mashine ya 2016 haikuzidi gigabaiti 16, kiwango ambacho mtu anayeendesha mifumo kadhaa ya kompyuta kwa wakati mmoja au kuhariri video nzito alikuwa akikimaliza kwa urahisi. Sababu ilikuwa ya kiufundi na ya kweli: prosesa za Intel za kizazi kile zilikubali aina ya RAM inayotumia umeme kidogo, iitwayo LPDDR3, hadi gigabaiti 16 tu, na kupita hapo kungelazimu kutumia DDR4 ya kawaida inayokula umeme zaidi, hata mashine inapolala. Ila maelezo hayo yanaacha swali kando. Betri ya inchi 15 ilikuwa imepunguzwa kutoka wati-saa 99.5 hadi 76, wati-saa ikiwa ni kipimo cha nishati inayoweza kuhifadhiwa. Kama wembamba usingekuwa sharti la kwanza, betri ya zamani ingebeba mzigo wa RAM kubwa zaidi. Ushahidi ulitolewa na Apple yenyewe mwaka 2018, ilipoweka DDR4 hadi gigabaiti 32 na kuikuza betri hadi wati-saa 83.6 ndani ya umbo lilelile. Kwa kuwa RAM ililehemiwa kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita mazabodi, na katika mashine zenye Touch Bar, utepe utakaoelezwa hapa chini, hata hifadhi ya data ililehemiwa hapo hapo, aliyenunua gigabaiti 16 mwaka 2016 alibaki nazo maisha yote ya mashine.

Touch Bar yenyewe haihitaji maneno mengi. Ilikuwa utepe mwembamba wa kioo cha OLED uliochukua nafasi ya safu ya juu ya vitufe, kuanzia Esc hadi F12, na ambao ulibadilisha alama zake kulingana na programu iliyofunguliwa. Wazo lilikuwa zuri kwa mtu asiyejua njia za mkato za kibodi, lakini mtaalamu ndiye anayezijua, tena kwa vidole na si kwa macho. Kumlazimisha atazame chini ili atafute kitufe kisicho na kingo ni kumrudisha hatua nyuma. Watumiaji wa kihariri cha Vim, ambao hubonyeza Esc mara nyingi katika kila saa ya kazi, waliona jambo hilo tangu siku ya kwanza. Kilichobaki na manufaa ni Touch ID, kisomeo cha alama za vidole kilichokuwa pembeni mwa utepe huo.

Hasara nzito kuliko zote ilikuwa kwenye kibodi, na inahitaji kuelezwa kwa undani kwa sababu ndani yake sera nzima ya usanifu inaonekana katika nafasi isiyofika milimita moja. Kibodi nyingi za kompyuta mpakato hutumia mfumo wa mkasi: chini ya kila kitufe kuna vipande viwili vya plastiki vilivyokatishana, vinavyojikunja kitufe kikibonyezwa na kujiinua kinapoachwa. Mfumo wa kipepeo, ambao Apple iliuanzisha mwaka 2015 kwenye MacBook ya inchi 12 na kuuleta katika MacBook Pro mwaka uliofuata, uliweka mabawa mawili yaliyoungana katikati, yanayolala karibu bapa kitufe kinaposhuka. Kitufe kikawa kipana zaidi, hakikuyumba kingo zake zilipoguswa, na safari yake ya kushuka ikawa zaidi kidogo tu ya nusu milimita. Wapo walioipenda hali hiyo, hasa waliobonyeza kwa wepesi, na wapo waliolalamika kwamba vidole vyao viligonga kitu kigumu kutwa nzima. Hadi hapo tofauti ilikuwa ya ladha.

Tatizo lilikuwa vumbi. Katika nafasi finyu kiasi hicho, chembe ya mchanga au ya mkate iliyopenya chini ya kitufe haikuwa na pa kwenda, na ilipokaa chini ya bawa, kitufe kiligoma kuandika, au kiliandika herufi moja mara mbili. Apple ilitoa maelekezo ya kuishika kompyuta kwa mwinamo wa nyuzi 75 hivi na kupuliza hewa ya mkebe kati ya vitufe, kutoka upande hadi upande, kisha kuigeuza na kurudia. Kwamba mtu aliyelipa zaidi ya dola elfu mbili kwa ajili ya zana ya kazi alipewa utaratibu huo kama matengenezo ya kawaida ni jambo linalotosha kuonyesha jinsi vipaumbele vilivyokuwa vimepinda. Machi 2019 Joanna Stern wa gazeti la Wall Street Journal alichapisha makala yenye herufi E na R zilizokosekana, kama zilivyokosekana kibodi yake ilipogoma, na Apple ikaomba radhi kwa walioathirika huku ikisisitiza kwamba walikuwa wachache.

Hata hivyo, kitufe kinachogoma si msiba ikiwa kibodi inabadilishwa kwa urahisi, na hapo ndipo maamuzi mawili yaliyofanywa kwa nyakati tofauti yalipokutana na kuzaa dhara kubwa kuliko kila moja peke yake. Kibodi ya mashine hiyo ilipigwa ribiti kwenye ganda la juu la alumini, na betri iligandishwa kwa gundi kwenye ganda hilo hilo, hivyo kubadilisha kitufe kimoja kilichokataa kwa kawaida kulimaanisha kubadilisha ganda, kibodi na betri kwa pamoja. Kila sababu ya kufanya hivyo ilihusu milimita: ribiti huokoa nafasi ya skrubu, na gundi huokoa nafasi ya fremu ya betri. Juni 2018 kampuni ilianzisha mpango wa kutengeneza kibodi hizo bila malipo kwa miaka minne tangu mashine iliponunuliwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo ikaweka utando wa silikoni chini ya vitufe, mwaka uliofuata ikabadilisha malighafi ya mfumo wenyewe, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza shauri la pamoja lililofunguliwa na wanunuzi, bila kukiri kosa.

Kisa cha waya wa kioo kinafuata mkondo huohuo. Waya bapa unaopeleka mwanga na picha kwenye skrini ulipitishwa juu ya bawaba, ukavutika kidogo kila mfuniko ulipofunguliwa, na katika baadhi ya mashine ukachakaa hadi mwanga wa chini ya skrini ukaanza kuonekana kama taa za jukwaani, kisha ukazimika kabisa. Kwa kuwa waya huo uliunganishwa moja kwa moja na skrini, ulipokatika ilibidi skrini nzima ibadilishwe. Katika mashine za 2018 wachunguzi wa iFixit, kampuni inayofungua vifaa na kueleza namna ya kuvitengeneza, waliukuta umeongezwa urefu wa milimita mbili. Mei 2019 Apple ilianzisha mpango wa kutengeneza bure mashine za inchi 13 za 2016 zilizopatwa na hitilafu hiyo. Joto nalo lilidai sehemu yake: mwaka 2018, prosesa ya Core i9 ilipowekwa katika umbo hilo jembamba, wajaribu wa mwanzo waliona ikipunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na ingawa marekebisho ya programu yalileta nafuu kwa haraka, mtaalamu alikuwa amelipia kasi ambayo mwili wa mashine haukuweza kuibeba kwa muda mrefu.

Marekebisho makubwa yalianza Novemba 2019 na mashine ya inchi 16, iliyorudisha mfumo wa mkasi wenye safari ya milimita moja, ikarudisha kitufe halisi cha Esc, ikachukua betri ya wati-saa 100, kiwango kinachoruhusiwa kwa kawaida kuingia ndani ya ndege bila kibali maalumu, na kukubali RAM ya hadi gigabaiti 64. Gharama yake ilikuwa unene wa milimita 16.2 na uzito wa kilo 2, yaani sehemu kubwa ya zile gramu zilizopunguzwa mwaka 2016 ilirudi. Oktoba 2021 zikafuata mashine za inchi 14 na 16 zenye chipu za Apple yenyewe, M1 Pro na M1 Max, ambazo zilirudisha HDMI, kadi ya SD na chaja ya sumaku, zikaiondoa Touch Bar, na zikabaki na matundu matatu ya Thunderbolt. Ile ya inchi 16 ilikuwa na uzito wa kilo 2.1 au 2.2 kutegemea chipu, nzito kuliko hata ile ya inchi 15 ya kabla ya 2016. Si haki kusema kwamba Apple ilikiri tu na kurudi ilikotoka, kwa sababu chipu mpya zilitumia umeme kidogo kiasi kwamba mashine nene kidogo iliweza kuonyesha video kwa saa 21 bila chaja, jambo ambalo mashine za Intel zisingeliweza kwa unene wowote. Ila chaguo la kuutumia ufanisi huo kwa ajili ya betri na upoozaji, badala ya kuukata tena kuwa wembamba, lilikuwa chaguo la usanifu, na lilikuwa sahihi. Jambo moja halikurudi: RAM sasa iko katika kifurushi kimoja na prosesa, faida yake ikiwa ni kasi kubwa ya kubadilishana data, na hasara yake ikiwa ileile ya zamani, kwamba kiasi kilichonunuliwa siku ya kwanza hakiongezwi kamwe.

Swali la nani analipa, na lini, lina uzito wa pekee kwa Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za kitaalamu hufika zikiwa zimeshatumika Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, na kuuzwa tena Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kwa wapiga picha, wanafunzi wa uhandisi na wahariri wa video wasioweza kumudu bei ya mashine mpya. Mnunuzi wa pili hafaidiki na mipango iliyotangazwa kwa ajili ya wa kwanza: ile miaka minne ya kutengenezewa kibodi ilihesabiwa tangu mauzo ya kwanza na imekwisha, na fidia ya shauri la pamoja iliwahusu wanunuzi wa majimbo saba ya Marekani. Vumbi, ambalo ndilo adui wa mfumo wa kipepeo, huku halikosekani. Mashine za 2016 hazipokei mfumo endeshi mpya kuliko macOS Monterey ya 2021, hivyo programu za kazi zinazodai mifumo ya karibuni huanza kuzikataa moja baada ya nyingine. Anayetaka kununua mojawapo ya mashine zilizotoka kati ya 2016 na katikati ya 2019 hana budi kubonyeza kila kitufe mara kadhaa akiangalia kama kuna kinachoandika mara mbili au kinachokaa kimya, kuufungua mfuniko polepole hadi mwisho huku akitazama mwanga wa sehemu ya chini ya skrini, kisha kuuliza bei ya ganda zima la juu pamoja na betri yake kabla ya kukubaliana bei ya kompyuta, kwa kuwa ganda hilo likihitajika linaweza kula sehemu kubwa ya kile alichodhani amekiokoa.